Vijimea vya Dirishani na Baba Mkwe wa Uani

Uso wa baba mkwe wangu niliuona kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza. Tulimzika kijijini kwake Mwaya, mvua zikiwa zinaelekea kukatika, na ilipofika zamu ya wakwe kuaga, shangazi wa mume wangu alinishika mkono akaniambia, "Sasa ruksa, mwanangu. Mtazame." Nikamtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na masikio makubwa kama ya mume wangu, na nilishangaa kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, wakati mzee huyo nimemjua zaidi ya robo karne. Nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake, na kwa kicheko chake cha puani kilichokuwa kikipenya ukutani. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba wa mumewe, haonekani naye, hasemi naye, na jina lake halitaji. Kwa hiyo hata hapa sitaliandika. Wengi siku hizi wameacha. Familia niliyoolewa mimi haikuacha, na mimi ni mbishi kwa mambo mengi lakini kwa hilo sikubisha. Pale msibani wasichana waliniuliza niliwezaje kuishi hivyo, nikawajibu kwa mkato kwa sababu kulikuwa na mchele wa kuchagua. Lakini mikono ikichagua mchele, akili ilikuwa imeshakwenda kwenye mwaka mmoja, mwaka ambao mzee yule na mimi tulizungumza kuliko miaka mingine yote, na tulizungumza habari ambazo mkwe na mkwe hawapaswi hata kuziwaza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Bondeni, mtaa wa biashara pale Kyela mjini, ambayo nilipokuwa shule yalikuwa na chumvi na viberiti tu, yalianza kujaa sabuni za rangi, redio, na marobota ya mitumba. Mzee Sharifu, mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga, alileta friza na jenereta yake, akawa anauza barafu za ukwaju, na watu wazima na heshima zao wakawa wanasimama barabarani wanafyonza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, masomo ya sayansi, sina kazi, nimeolewa na Ambakisye, aliyekuwa akinunua kakao na mpunga na kuvipeleka Tunduma kwa lori la kukodi. Nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mji, na nilikuwa nimechoka kukaa. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nikipembua mchele huku nakariri kimoyomoyo sehemu za ua, na nilikuwa naogopa kwamba siku moja nitafika kwenye petali nisikumbuke kinachofuata.

Ndipo Mzee Sharifu akafikiwa na mpwa wake, Daktari Rukia, mwanamke mrefu wa ushungi na miwani, ambaye hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtaalamu wa mwani. Si ule mwani wa kamba unaolimwa pwani, bali mwani mdogo kiasi kwamba tone moja la maji linabeba kijiji kizima. Alikuwa ameusoma wa baharini kwa miaka, na sasa alitaka jamaa zake wa ziwani. Aliuliza mjini kama kuna msichana aliyesoma baiolojia, akaelekezwa kwangu, Tumpe mke wa Ambakisye, na siku ya kwanza alinikuta nimekaa na ungo mapajani. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Mdogo wangu, umewahi kujiuliza kwa nini mawe ya ufukweni yanateleza?" Nikamwambia ndiyo, kila nikianguka. Akacheka mpaka miwani ikashuka.

Chumba chake Bondeni kilikuwa cha bati, na maji aliyoyachota ziwani Itungi yalikuwa yanachemka ndani ya chupa mchana kweupe. Nyumba yangu ilikuwa ya tofali nene na paa la nyasi, yenye ubaridi, na chumba cha mbele kilikuwa na dirisha kubwa la mbao linalotazama uani, upande wa jua la asubuhi. Basi chupa zikahamia kwangu. Tulizipanga kwenye ubao dirishani, na kando yake meza yenye hadubini iliyofunikwa kitambaa nilichokidarizi kwa ajili ya harusi yangu. Nilipoweka jicho pale kwa mara ya kwanza sikuliondoa mpaka Daktari Rukia aliponigusa bega. Niliona vyombo vya kioo, vya duara na vya mviringo mrefu, vina nakshi za vitone na mistari kana kwamba kuna fundi aliyelipwa vizuri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukikanyaga. Ndivyo tulivyokuwa tukimeza.

Daktari Rukia alinifundisha kwa kisahani cha sabuni, kile cha plastiki chenye kifuniko. Kila kijimea, alisema, kinaishi ndani ya kioo cha vipande viwili namna hii, kifuniko na kitako. Kikitaka kuongezeka kinagawanyika, na kila mtoto anarithi kipande kimoja. Sasa angalia, akasema, kila mtoto anajitengenezea kitako tu, hakuna anayetengeneza kifuniko. Aliyerithi kifuniko anabaki saizi ya mzazi. Aliyerithi kitako anakigeuza kuwa kifuniko chake, halafu anatengeneza kitako kidogo zaidi kinachoingia ndani yake. Nikashika kile kisahani nikakigeuza geuza. "Kwa hiyo ukoo unazidi kuwa mdogo," nikasema. "Mpaka lini?" Akasema hilo ndilo swali lake. Vikifika udogo fulani, vinakufa, isipokuwa vikioana. Vikioana ndipo anazaliwa mmoja mkubwa, na ukoo unaanza upya. Lakini hao wa ziwani alioniwekea dirishani, hakuna mtu aliyewahi kuwaona wakioana.

"Ninachokitafuta si harusi yenyewe tu," aliniambia siku moja tukila wali na mbasa wa kukaanga, akitoa miba kwa vidole virefu. "Natafuta alama yake. Ndani ya kila kiumbe kuna vinasaba, yaani maagizo, na mengine yanalala mpaka siku ya kazi yake. Yapo yanayoamka siku ya kuoana tu. Kwa mwani wa baharini nimeshayaona. Nikiyakuta na kwa hawa wa kwenu, basi siku nyingine mtu akichota maji popote anaweza kujua kama kulikuwa na harusi, hata kama hakualikwa." Nilisahau tonge mkononi. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuulizia jambo dogo namna ile kwa shida kubwa namna ile, tena akalipwa.

Kulikuwa na sharti moja, na alilirudia mpaka likanikaa. Alikuwa anakwenda pwani kuchukua dawa ya kuhifadhia, ile inayosimamisha kijimea palepale kilipo ili vinasaba vilivyoamka visilale tena. Mimi nibaki na chupa. Dirisha lifunguliwe kukipambazuka, lifungwe jioni. Mwanga ndio chakula chao. Mradi ulikuwa unaishia mwaka ule na vijimea vilikuwa vimeshapungua ukubwa kufikia ukingoni. Vikifa, kazi imekwisha, kila mtu arudi kwake. Vikifanikiwa, atanipeleka maabara ya pwani nikajifunze kazi hii kwa mwaka mzima, niwe mtu wa kuifanya, si wa kutumwa. "Nakuamini," akasema, akapanda gari. Nilifungua dirisha asubuhi mbili, nikijiona mlinzi wa benki.

Kisha Mzee, baba mkwe wangu, akaletwa kutoka Mwaya. Kifua kilikuwa kimembana na hospitali ya wilaya ilimwandikia sindano za kila siku, na mahali pa kulala palikuwa wapi kama si kwa mwanawe? Ambakisye alikuwa Tunduma. Mama mkwe, aliyekuja naye, alimtandikia katika chumba cha nje, ng'ambo ya ua, na akirudi kutoka sindano alikaa barazani kwake mchana kutwa aote jua, uso ukielekea dirishani kwangu. Dirisha likiwa wazi, ananiona na mimi namwona. Hakuna katikati.

Nilijaribu. Nilitundika kanga, upepo wa ziwani ukaiinua nikaona unyayo wake na ncha ya fimbo, nikaruka nyuma mpaka nikagonga meza. Chumba cha pili hakikuwa na dirisha, matundu tu ya kutolea joto. Jikoni kulikuwa na moshi, na nje nyuma ya nyumba chupa zingechemka juani kama kule Bondeni. Nikamwendea Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na moyo laini, nikamweleza. Alinisikiliza akimenya ndizi.

"Kwa hiyo nikamwambie baba yako, mgonjwa, ahame kwenye jua kwa ajili ya maji machafu?"

"Si machafu, Mama. Yana uhai ndani."

"Ndiyo maana nikayaita machafu."

Nilirudi nikasimama mbele ya chupa zangu. Najua wasomaji wengine watasema, ungefungua tu, heshima haijengi maabara. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo kwa wengine. Lakini yule alikuwa mgonjwa, na kwake mkwe kumkodolea macho kupitia dirishani kungekuwa kumwambia kwamba hana nyumba ya kuugulia. Nikafunga mbao zile mbili, nikaziwekea komeo, na chumba kikawa giza kabisa. Nililia, sitaficha. Nilikuwa nazika mwaka wangu kwa mikono yangu.

Nikawa nashinda mle gizani karibu na ukuta, kwa kuwa kutoka kwangu kulikuwa kwa mlango wa nyuma, na Mzee alipotaka kupita uani aligonga fimbo chini ili nijue. Ndivyo nilivyoanza kusikia mazungumzo yao.

"Mkweo anafuga nini humo ndani?" Mzee aliuliza.

"Maji."

"Maji?"

"Anayatazama kwenye chuma. Anasema yana wadudu wa kioo."

Halafu kile kicheko cha puani. Nilifikiri ameishia hapo, lakini jioni ile Mama alikuja jikoni amenuna. "Baba yako anauliza, hao wadudu wanakula nini?" Nikamwambia wanakula mwanga. Akaenda, nikamsikia akisema, "Wanakula jua," na Mzee akajibu, "Kama mimi." Kesho yake akauliza kioo wanakipata wapi, nikatuma jibu kwamba wanakichuja majini, kinatoka kwenye mawe na mchanga. Siku iliyofuata akauliza kama wana dume na jike, na Mama akakataa kuleta swali hilo. Nililisikia mwenyewe ukutani, na nikasikia anavyomkaripia. Nikatuma la kisahani cha sabuni badala yake. Nilikipeleka chenyewe, Mama akakibeba mpaka barazani. Nilimsikia Mzee akikifungua na kukifunga, tak, tak, akiwaza. Alikuwa mkulima wa mpunga asiyejua kusoma zaidi ya jina lake, na alikuwa na ugonjwa uleule niliokuwa nao mimi, wa kutoweza kuacha jambo. Sikuwa nimejua kwamba mtu huyo alikuwepo kwenye ukoo ule.

"Muulize," akasema mwisho. "Wanapungua, wanapungua. Wakishindwa kupungua zaidi, wanafanyaje?"

Mama alipokuja nikamjibu kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia wanaoana, nikamweleza namna gani. Aliweka mwiko chini. "Ee Kyala, Mungu wangu. Mkwe amtumie baba mkwe habari za kulala? Kwa mdomo wangu mimi? Hapana." Na hakupeleka. Sindano zikaisha, Mzee akapakiwa kurudi Mwaya na swali lake, na nilimsikia akilalamika uani kwamba mkwe wake amekuwa bubu ghafla.

Alipoondoka tu nikafungua dirisha. Jua liliingia na chupa zilikuwa zimepauka, rangi ile ya dhahabu imekwenda. Mchana huohuo Daktari Rukia akateremka na kikasha chake cha dawa, akaingia na hodi ya furaha, akaona. Nilimweleza yote bila kupumua. Alikaa kwenye kigoda. "Kwetu mkwe anaheshimiwa," alisema taratibu, "lakini anaamkiwa, Tumpe. Anaamkiwa!" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Alitazama tone moja, akasema havijafa vyote, tuviache vione jua, na akaenda kulala bila kula.

Asubuhi iliyofuata nilitazama kwanza mimi, kwa kuwa sikuwa nimelala. Nilidhani hadubini ni chafu. Vioo vilikuwa vitupu, vifuniko huku na vitako kule, kama vyombo baada ya shughuli. Kando yake vijimea vilivyovua vioo vyao vilikuwa viwili viwili, vimeambatana, na baadhi vilikuwa vimeshakuwa tufe moja linalovimba. Nilikwenda Bondeni nikikimbia, na kanga ikanidondoka njiani, na sikurudi kuiokota. Daktari Rukia aliweka jicho, akasema "Lo," akasema tena "Lo," halafu akavua miwani akaanza kutoa amri. Tulichuja, tukatia dawa, tukakimbiza vichupa kwa Mzee Sharifu, ambaye alihamisha barafu zake za ukwaju zikayeyukia kwenye beseni huku watoto wa mtaa wakishangilia. Baadaye, tukinywa chai, Daktari Rukia aliniambia kilichotokea: giza la muda mrefu lilivisimamisha vyote mahali pamoja, na mwanga ulipoingia viliamka kwa pamoja. Yeye alikuwa anavipa jua kila siku kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo ilikuwa inavizuia. Tulifunga dirisha tena, makusudi, kwa muda uleule wa sindano za Mzee, tukafungua. Vikaoana tena.

Sasa vichupa vilikuwa vinakwenda maabara, na mimi nilikuwa naitwa kwenda navyo. Sikujua wakati ule kwamba ningekuja kuiona alama ile kwa macho yangu, ileile ya mwani wa baharini na tofauti ndogo, wala kwamba ningeifanya kazi hiyo mpaka mvi. Nilichojua ni kwamba Ambakisye alisema, "Mimi sina neno, ila Mzee." Mke mpya asiye na mtoto, kuondoka mwaka mzima, hilo halikuwa neno la mume peke yake. Tukaenda Mwaya mpunga ukiwa umevunwa. Wanaume walikaa mbele ya nyumba, sisi jikoni, na kila kitu kilisikika.

Baba mdogo mmoja alisema mwanamke akizoea gari haoni tena njia ya miguu. Mwingine akauliza nani atapika. Ambakisye alijieleza vibaya, maskini, kama mtu anayeomba mkopo. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage na sikuweza kuiweka chini. Kisha fimbo ikagonga chini.

"Kwanza nina deni langu," Mzee akasema. "Nilimuuliza mkwe swali pale Kyela, mpaka leo sijajibiwa. Wadudu wale wakishindwa kupungua zaidi, wanafanyaje? Anijibu, ndipo niseme."

Mama alinitazama kwa macho ya onyo. Wanawake wote jikoni walinitazama, ingawa hawakujua kwa nini. Niliwaza haraka, nikitafuta maneno yanayoweza kutembea kutoka jikoni hadi mbele ya nyumba bila kumvunjia mtu heshima. Nikamwambia Mama, polepole ili asikosee: "Mwambie, kila mmoja anaiacha nyumba yake ya kioo. Wanakutana nje, bila nyumba. Na anayezaliwa hapo anajenga yake, kubwa kuliko zao."

Mama alilipima jibu lile mdomoni kama mtu anayeonja chumvi, akaona linapita. Akatoka. Nilimsikia akilitoa lote, neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani. Kisha Mzee akamwita karibu, akashusha sauti. Hata kile kicheko sikukisikia, na nilifikiri nimeharibu. Mtu alikohoa. Wanaume wakaanza kuinuka, viti vikaburuzwa, na Mama akarudi jikoni ameziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Amesema uende," aliniambia alipoweza kusema. "Na amesema nikuambie vizuri, usikie: kama baba mkwe, yeye hajaelewa kitu."